Jumamosi Ndani ya Barua

Barua yangu ya kwanza ya sifa ilikuwa na sentensi nane, na saba kati yake zilikuwa tamu. Ilisema mimi ni karani mwaminifu, sichelewi, silewi, mwandiko wangu unasomeka, na kwamba kwa miaka sita ghala lile la jumla la Homa Bay halikupoteza hata gunia moja mikononi mwangu. Sentensi ya nane ilisema: hafanyi kazi Jumamosi kwa sababu ya dini yake.

Hiyo ya nane ilinichosha kuliko magunia yote niliyowahi kupokea.

Si kwamba ilikuwa uongo. Sisi ni Wasabato. Mama ndiye aliyetuingiza, alibatizwa kabla sijazaliwa, na nyumbani kwetu, nje kidogo ya Rodi Kopany, Ijumaa jua likianza kushuka kuni zilikuwa zimeshapasuliwa na mtungi umeshajaa maji. Tajiri wangu wa Homa Bay, maana wakati ule mwajiri yeyote tulimwita tajiri, alilijua hilo tangu siku ya kwanza. Tulielewana vizuri: Jumamosi nilikuwa kanisani, Jumapili nilikuja peke yangu kupanga ghala. Kisha lori la kutoka Kisumu likabadilisha siku, likawa linashusha mizigo Jumamosi asubuhi, na tajiri akasema hawezi kuhamisha lori la watu kwa ajili ya karani mmoja. Hatukugombana. Alinipa mwezi mzima wa kutafuta kazi kwingine, akakaa kwenye taipureta yake, akaniandikia zile sentensi nane. Nadhani alijiona amenitendea haki, na labda alinitendea.

Nikaanza kuzunguka na barua. Shule moja upande wa Asumbi ilitaka mtu wa stoo. Mwalimu aliyenipokea alisoma huku akitabasamu, akafika chini, tabasamu likaisha. Akaniambia vyakula vyao huletwa Jumamosi. Kule Magunga mnunuzi mmoja wa pamba aliniambia Jumamosi ndiyo siku wakulima wanamjia. Baada ya majuma machache nilikuwa najua msomaji amefika sentensi ya ngapi kwa kumtazama uso tu, na nilikuwa nainuka kwenye kiti kabla hajafungua mdomo.

Nikirudi nyumbani mama aliniomba nimsomee ile barua. Ilikuwa ya Kiingereza, nami nilimgeuzia kwa Kijaluo. Zile saba alizisikiliza kwa adabu, kama mtu anayengoja chakula kiive. Nikifika ya nane aliinua mkono ili niirudie.

"Hapo," alisema. "Hapo ndipo alipokujua, wuoda."

Wuoda ni mwanangu. Nilitaka kumwambia kwamba hapo ndipo aliponimaliza. Sikuweza. Mtu aliyeuza kuku wake mmoja mmoja ili umalize darasa la nane humwambii kila kitu. Akaichukua barua, akaitia ndani ya Biblia yake, na kila nilipotaka kusafiri ilinibidi niiombe kwake.

Mtu fulani akaniambia nimwone afisa wa leba, yule wa serikali anayeshughulikia mambo ya wafanyakazi. Alikuwa akija Homa Bay mara moja kwa mwezi, akipewa meza kwenye ofisi ya serikali. Nilikwenda nikiwa na hakika kwamba iko sheria. Uhuru ulikuwa bado mchanga, na sisi tuliamini serikali yetu imeshapata nafasi ya kufikiria kila jambo. Nilipanga foleni tangu asubuhi hadi saa nane mchana.

Alisoma barua yote. "Hii mbona ni nzuri?"

"Tazama mwisho, bwana."

Akatazama mwisho. "Sikiza. Tajiri lazima akupe karatasi ya kuonyesha uliingia lini, umetoka lini, na kazi gani ulikuwa unafanya. Hiyo hawezi kukataa. Hii ingine ya tabia, akipenda anaandika, asipopenda anaacha. Lakini akiandika, asiandike uongo. Sasa niambie, hapa ameandika uongo?"

"Hapana, bwana."

"Amekutukana?"

"Hapana."

"Basi unataka nimshike na nini?"

Nadhani alinihurumia, kwa sababu aliponirudishia barua alisema, "Mwambie akuandikie ile fupi. Ile ya tarehe peke yake."

Nikarudi kwa tajiri. Alivua miwani, akanisikiliza hadi mwisho.

"Unataka niondoe hata zile nzuri?"

"Ungeweza kuondoa ile moja tu."

"Hapana," alisema. "Mimi nikikusifu na nikificha, halafu mtu aje aniulize, nitasema nini? Mimi nasema yote, ama sisemi kitu. Chagua."

Nikachagua. Akanipigia taipu mistari mitatu: jina, tarehe, karani wa ghala. Ile ndefu hakuidai, na hata angeidai ilikuwa imesharudi ndani ya Biblia ya mama, mahali ambapo nisingethubutu kupeleka mkono kwa kazi hiyo.

Nilidhani nimepata dawa. Mwenye kinu cha posho karibu na Rangwe aliisoma ile fupi, akaigeuza nyuma kutafuta maneno mengine, akaigeuza tena.

"Miaka sita," akasema, "na hana neno juu yako?"

"Sheria inasema hivyo, mzee. Tarehe na kazi."

"Sheria gani? Wewe uliiba nini?"

Nikaeleza. Nilivyozidi kueleza ndivyo nilivyozidi kuonekana mwizi, hata mimi nilijisikia hivyo. Yule alau aliuliza. Wengine wawili baada yake hawakuuliza lolote, walinirudishia karatasi kwa ncha za vidole. Sikujua kwamba tajiri akinyamaza, watu watajaza wenyewe, na kwamba hakuna atakayejaza Sabato. Nilikuwa nimepewa haki yangu yote na afisa wa serikali, na haki hiyo ilinigeuza mwizi.

Nilichoka. Wapo wanaokasirika, lakini hasira nayo inataka mtu aliyekula.

Miezi saba baada ya kutoka Homa Bay nilipanda basi hadi Migori, ambako hakuna aliyenijua. Nilikuwa na ile fupi. Mwenye duka la mabati na saruji, mtu wa makamo, alikuwa ametoka kula, anachokonoa meno kwa kijiti. Akaisoma akiwa amesimama.

"Huyu tajiri wako hapendi kuongea."

"Ndiyo, mzee."

"Nikimwandikia nimuulize, ataniambia nini?"

Kila nikikumbuka siku zile nasimama hapo. Angeandika, na tajiri wangu angemjibu yote, kama alivyoniahidi. Ningeweza kunyamaza ningoje barua iende na kurudi. Ningeweza kuinuka, kama nilivyozoea.

"Atakwambia mimi ni mwaminifu," nikasema. "Na atakwambia sifanyi kazi Jumamosi."

Kijiti kikasimama. "Na wewe mwenyewe unasemaje?"

Ningependa kudai kwamba nilifikiri, au kwamba niliomba kimoyomoyo. Sikufanya hata moja.

"Nitafanya."

"Basi hakuna haja ya kupoteza stempu," akasema, na akanionyesha ndoano ya kutundikia koti.

Nikafanya kazi pale miaka minne. Migori ina Wasabato wengi. Jumamosi asubuhi walipita mbele ya duka, wamevaa nguo zilizopigwa pasi, Biblia kwapani, na mimi niliinama nyuma ya mifuko ya saruji kama mtu aliyeangusha kitu. Miezi ya kwanza niliona haya. Baadaye niliinama kwa mazoea tu, hata siku ambazo hakuna aliyepita.

Nyumbani nilikwenda Jumapili, mara moja kwa mwezi. Mama hakuniuliza kwa nini siji Ijumaa. Alijijibu mwenyewe. "Vizuri, usisafiri Sabato," alikuwa akisema, "salia huko huko na wenzako." Nami nilikubali kwa kichwa huku natafuna. Nilimdanganya mama yangu miaka minne bila kusema neno la uongo hata moja, na wala sijivunii ustadi huo.

Kisha mwenye duka akauza duka. Siku ya mwisho aliniletea barua bila mimi kuomba, ukurasa mzima wa taipu. Alikuwa mtu mwema. Aliandika kwamba hajawahi kupata karani kama mimi, kwamba yeyote atakayeniajiri atamshukuru. Na katikati, mahali pa kuonekana, aliandika: kwa miaka yote minne hakukosa kazini hata Jumamosi moja.

Nilifika nyumbani Jumapili mchana. Mama alikuwa ameanza kuona kwa shida. Aliposikia nimekuja na barua nyingine aliileta Biblia, akaitoa ile ya zamani, akaishika magotini, labda alitaka ziwe pamoja. Akaketi nje mahali penye kivuli, akaniambia nisome polepole.

Nikasoma, nikigeuza kwa Kijaluo. Nilipofika katikati niliruka, na sauti haikutetemeka. Nikamaliza.

Mama alingoja. Alidhani bado inaendelea.

"Na Sabato?" akauliza. "Amesemaje juu ya Sabato?"

"Hakuandika kitu, mama."

Alinyoosha mkono, nikampa barua. Akaipapasa juu na chini, ukurasa wote ule, akanirudishia.

"Basi huyo hakukujua," akasema, na akaitia ile ya kwanza ndani ya Biblia.