Nguzo Iliyoamua Kuinama

Jirani yangu wa Kiganjo, Thika, amefariki. Habari ilinikuta Ruiru Jumatatu asubuhi, na jambo la kwanza lililonijia akilini lilikuwa nguzo moja ya mbao iliyoinama. Waliomjua walimjua kwa kazi yake: miaka mingi alikata mashamba ya Murera na Witeithie kuwa viwanja, akichomeka vigingi vya mipaka. Kigingi kilichopinda kilimkera kama jino bovu.

Mwaka jana daktari alimwambia kifua chake hakitavumilia tena baridi ya Thika, ahamie kwenye joto. Akaniomba nimwendeshe Kilifi tutafute kiwanja. Siku nzima tulizunguka taratibu katika vijia vyembamba, ua wa minyaa ukikwaruza milango ya gari pande zote mbili, na kwa muda mrefu hatukusikia hata jogoo. Kila nilipopotea alinitania kwamba digrii yangu ilinifundisha barabara kuu pekee. Alasiri tukafika kwenye uwanja wenye safu ya nguzo. Alifurahi sana; kumbe mwenzake wa kazi ametangulia, alisema, kiwanja kimeshapimwa. Akashuka, akainyoosha ile iliyoinama, akakanyaga udongo uishike. Hapo ndipo nilipoona kwamba nguzo zile zilikuwa na shingo, na juu ya shingo vichwa bapa. Mwanamke mzee akatokea nyuma ya minyaa.

"Mwanangu, huyo unayemsukuma ni mume wangu."

Yule mzee jirani yangu akaondoa mikono. "Pole, mama. Nilidhani ni mpaka."

"Ameamua kuinama. Mwacheni."

Vilikuwa vigango, nguzo za ukumbusho ambazo Wagiriama huwasimamishia baadhi ya wafu wao. Tuliomba radhi, tukaondoka. Vijia vikatuzungusha, na kabla ya jua kuzama tukajikuta pale pale. Hapakuwa na mtu. Nguzo ilikuwa imeinama kama mwanzo. Nilisema mama yule ameirudisha, na bado nasema hivyo, ingawa alama za viatu vya jirani yangu zilikuwa palepale kwenye udongo, hazijaguswa.

"Kijana," akasema, "kule Murera tuling'oa kila kitu. Nani aliuliza chini kuna nani?"

Nikamjibu kwamba mbao ni mbao. Akataka turudi nyumbani. Msimu wote wa baridi nilimsikia akikohoa ng'ambo ya ukuta. Nilimpelekea picha za viwanja vingine vya pwani, naye kila mara alitaka kujua kwanza waliokuwa hapo wamesema nini. Madalali walicheka. Hakununua.

Sijaanza kuamini kwamba wafu husogea. Ninachojua ni kwamba mtu aliyehitaji joto ili aishi alikataa kulipata bila jibu, wakati sisi wengine tunauliza maji, stima na umbali wa lami, kisha tunachomeka kigingi. Ukienda kuona kiwanja, uliza nani alikuwa hapo, na usishike kitu kabla hujajibiwa.