Jiko la Mama Marcelina

Wanaosema Eufrasia alikuwa mpole hawakumjua. Mimi nilifua mashuka ya hospitali yetu, upande huu wa Bunda, kwa miaka mingi. Chumba cha dobi na jiko la wagonjwa vilitenganishwa na ukuta mmoja tu, na sijapata kusikia ulimi kama wake. Muuguzi akija kuomba ukoko kabla wadi hazijala, alirudishwa kwa maneno mpaka akasahau njaa yake. Hata mganga mkuu alipiga hodi kabla ya kuingia jikoni kwake.

Kwao ni Mugango, ziwani. Alifiwa na mume mapema, akaja huku na binti mchanga mgongoni, Marcelina, akaajiriwa upishi. Miaka ile ya shida, sukari ikiwa ya foleni na unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada, ukinuka ghala, wadi zetu hazikulala njaa. Aliwapigia kelele wavuvi wa kwao mpaka wakaleta furu na dagaa. Mgonjwa aliyekuja peke yake alikula sawa na mwenye ukoo mzima nje. Kwa jiko hilo Marcelina alisoma mpaka sekondari, kisha akaolewa na kijana wa Kiabakari, Florian, msomi wa uhasibu aliyekuwa na kiti kwenye ofisi za afya Musoma. Sikumpenda tangu siku ya posa. Alikuja amevaa soksi nyeupe, na muda wote alikuwa anazitazama hizo soksi.

Mwaka tisini na nne mageuzi yakatufikia. Tulisikia redioni kwamba wananchi watachangia matibabu, na wafanyakazi wa serikali watapunguzwa. Kisha ukaja uvumi kwamba jiko la wagonjwa litafungwa. Hapo ndipo ugomvi ulipoanza, na ulianzia jikoni kwenyewe, kati ya Eufrasia na Salum.

Salum alikuwa mchochea kuni, mtoto wa fundi viatu wa Kabasa. Alipenda mageuzi kama watu wanavyopenda harusi ya jirani.

"Mama Marcelina, kazi haiishagi," alisema. "Jiko likifungwa, wagonjwa wataacha kula? Watakula vya nje. Hapo getini pataota mabanda. Humu tupo watu watatu, huko nje watapata kazi watu thelathini."

"Na mgonjwa ambaye hana kitu?"

"Si ana ndugu?"

"Huyo ndugu yake anashindaga amekaa tu? Ana shamba, ana nyavu, ana kibarua chake. Akija kukaa hapa kupika uji, hiyo kazi yake nani anafanya? Yangu imekufa, ya kwake imekufa, halafu uji anaupika bure. Hapo umeongeza nini, Salum?"

"Wewe unaogopa biashara."

"Naogopa njaa. Wewe hujawahi kulazwa."

Walibishana hivyo wiki nzima. Mimi nilikuwa upande wa Eufrasia, na nilimwambia Salum kwamba akili yake ni ya kuni mbichi, moshi mwingi na chungu hakichemki. Akacheka. Alikuwa ameshaanza kutafuta mabati ya banda lake.

Ikatangazwa siku ya kikao. Kabla ya uamuzi, wafanyakazi wa kila idara wangesikilizwa kupitia msemaji wao. Watu wa jikoni walimchagua Eufrasia bila kufikiri mara mbili, na hapo ndipo tulipokosea. Tulidhani atakuja kuendesha kikao yule katibu mzee wa ofisi ya afya tuliyemzoea. Gari kutoka Musoma lilipofika, akashuka Florian na mwenzake mmoja wa ofisini.

Nieleze jambo hili kwa asiye wa kwetu. Mama na mume wa bintiye hawaangaliani usoni. Hawapeani mkono, hawali pamoja, wala hawajibizani. Wakikutana njiani, mama huacha njia akaingia majanini mpaka mkwe apite. Mwenye kuvunja hilo huvunja nyumba ya binti yake. Eufrasia alikuwa amekaa benchi la mbele, maneno yote ameyapanga. Alipomwona mkwe anaingia alivuta khanga usoni, akainuka, akatoka kwa mlango wa upande wa dobi.

Na mkwe alimwona. Mkwe mwenye adabu angerudi garini, akamwachia mwenziwe asome. Huyu alikodolea macho karatasi zake mpaka mama akatoka, akakohoa, akaanza. Mpaka leo naamini walimtuma yeye kwa makusudi, na kama hawakumtuma basi alijituma.

Hoja zake hazikuwa za kijinga, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Alisema pesa ya unga ndiyo hiyo hiyo ya dawa. Alisema hospitali inayolipa wapishi huku haina sindano si hospitali, ni hoteli mbovu. Wapishi wazuri wangepata kazi nje, tena yenye faida kuliko mshahara wa serikali unaochelewa.

"Mnataka mgonjwa ashibe afe, au apate dawa apone?" akauliza.

Nikasimama. "Kwa nini asipate vyote? Na hao watakaokuja kumpikia, kazi zao—"

"Wewe ni wa jikoni?"

"Wa dobi."

"Basi kaa chini, mama. Zamu yako bado. Wa jikoni wana la kusema?"

Salum alitazama dari. Mpishi wa pili alikuwa mgeni kazini, akainama. Florian akapanga karatasi zake, kwa adabu ya uongo, akasema, "Hawana. Basi tumekubaliana."

Nilimkuta Eufrasia kwangu uani, amesimama katikati ya mashuka yaliyoanikwa. Nilimwakia.

"Ungegeuza mgongo ukaongea na ukuta! Ungeniambia mimi nikaseme! Mdomo wote ule, siku ya kuutumia unaondoka nao?"

"Na Marcelina leo angelala wapi?" akasema. "Niambie, Boke. Angelala wapi?"

Nikaanza kuanua mashuka kwa nguvu, hasira yangu haijapungua hata kidogo.

Jiko likafungwa. Dobi haikufungwa kwa sababu mashuka ya chumba cha upasuaji hayawezi kufuliwa nyumbani kwa mtu. Salum akajenga banda lake mbele ya geti, na kwa kuwa hajui hata kuchemsha maji, akamwajiri Eufrasia ampikie kwa malipo ya kutwa. Akakubali. Angefanya nini? Mabanda mengine yakaota kweli, wanawake wa Kabasa wakauza chapati na maharage, na Salum hakukosa kunikumbusha kila nilipopita.

"Dobi! Kazi zimekufa, au zimehamia kwangu?"

Nilikula chapati zao pamoja na hasira zangu. Florian naye, niliambiwa, alitamba huko Musoma kwamba mama mkwe wake amepata ajira kwa mtu binafsi, na kwamba huo ni mfano wa kuigwa.

Kisha Marcelina akaletwa hapa kwetu kujifungua, awe karibu na mama yake. Mtoto alikataa kutoka, wakampasua. Mtoto mzima, mama hoi. Alihitaji mtu wa kumpikia uji, kumgeuza, kumfulia. Mama yake Florian alikuwa Kiabakari, haamki kitandani kwa maradhi ya miguu. Florian alikuwa na vikao.

Eufrasia alisikia habari hiyo mchana, banda limejaa. Akaacha mwiko ndani ya chungu, akachota uji kwenye bakuli, akavuka barabara. Getini alikuwa Burito, mlinzi aliyekula ukoko wake miaka na miaka.

"Mama, saa ya kuona wagonjwa bado."

"Burito, mimi si mpishi wa humu?"

"Ulikuwaga," Burito akasema. Akafungua geti, lakini neno alikuwa ameshalisema.

Nyuma yake Salum alipiga kelele, "Mama Marcelina! Watu wamekaa mezani! Ukienda, usirudi!"

Alienda. Jioni ile ile Salum alimweka binti mwingine kwenye chungu. Nilimfuata nikamtukana mbele ya wateja wake. Akanijibu taratibu, "Dada Boke, ukiacha chungu kimoja mchana, wateja wanahamia kwa jirani. Biashara haijuagi mkwe wala mwana." Ningempiga, ila mikono yangu ilikuwa na sabuni.

Hivyo Eufrasia akarudi kupika hospitalini. Alipikia nyuma ya wadi, kwenye mafiga matatu, katikati ya ndugu wa wagonjwa wengine walioacha mashamba na nyavu zao. Kuni aliokota mwenyewe.

Jumamosi nilikuwa naye hapo mafigani Florian alipofika na soda mbili. Eufrasia alimwona kwa mbali anakata kona kuja upande wetu, na kwa kuwa hapakuwa na majani ya kujificha, alikimbilia nyuma ya tangi la maji. Uji ukafura, ukamwagika, ukazima moto. Moshi ukatanda mpaka kwenye soksi za bwana mkubwa.

Akaziba pua. "Boke, hawa watu wanachafua sana mazingira ya hospitali. Mwambie mwenye sufuria hii aiondoe."

"Mwenye sufuria hii anakusikia," nikasema.

Akageuka, akaona pindo la khanga pembeni ya tangi. Alilijua. Nilimwona alivyolijua. Alifungua mdomo, na mila ile ile iliyomkinga siku ya kikao ikamfunga kinywa. Akaingia wadini haraka, soda mkononi, bila kutazama nyuma.

Eufrasia akatoka, akapiga magoti, akaanza kupuliza moto upya, maana Marcelina alikuwa hajala tangu asubuhi.