Dari Iliyoanguka Ghafla

Kakangu hana siku aliyowahi kusema amekosa. Yeye hupitiwa. Ukimwuliza mbona mlizamu bado umeziba, hukujibu, "N'mepitiwa, dada," kana kwamba kuna kitu kimemkumba njiani, na yeye masikini hana lake. Nikaanza kujiuliza ni kitu gani hicho kinachompitia kila mvua, na mbona hakimpitii wakati wa chakula.

Mlizamu ni ule mfereji wa kutolea maji ya mvua juu ya paa. Nyumba yetu ya mjini Lamu ni ya kale, paa lake ni tambarare, la mawe na chokaa juu ya boriti za mikoko. Maji yakituama, boriti huoza. Chini ya boriti hizo ndipo alipokuwa akilala mamangu. Kakangu na mkewe wanaishi humo humo, chumba cha mbele. Mimi nimeolewa Faza, huja kwa boti mara moja moja, na kila nikija nilikuta doa la maji juu ya kitanda cha mama limepanuka.

Shuku yangu ilianzia kwenye mabati. Chumba chake cha mbele alikiezeka mabati mapya kabla mvua hazijaanza. Mzembe wa kweli huacha chake na cha mwenziwe. Huyu uzembe wake ulikuwa wa kuchagua. Wala si kwamba hajui methali ya ufa na ukuta. Alinitolea mimi siku nilipochelewa kumpeleka mwanangu kung'olewa jino bovu.

Tena kwetu nyumba humfuata binti. Mama alipewa na babake alipoolewa, na ilijulikana kwamba baada yake itakuwa yangu. Lakini nyumba ni nyumba ikiwa imesimama. Ikianguka huwa kiwanja, na kiwanja kila mtu hukidai. Nilipata kumkuta dalali barazani akinywa kahawa na kakangu, wakanyamaza nilipoingia. Huenda walikuwa wakizungumza mpira. Sikuamini. Nilimwomba mama twende Faza, akasema hatoki nyumbani kwake. Nikaleta fundi, kakangu akamrudishia mlangoni, akasema atapanda mwenyewe.

Dari ilianguka alasiri moja, mama akiwa bafuni akitawadha. Nilipofika siku ya pili, nusu ya chumba ilikuwa kifusi, na kitanda hakionekani. Majirani walikuwa wamejaa, wakisema ajali haina kinga, na kakangu katikati yao akisimulia: "Hatukuyua. Imeanguka ghafla tu."

Mama alikuwa ameketi pembeni. Amesomesha Kurani wanawake wengi wa mtaa ule, na sisi wanawe kabla yao.

"Mwanangu," akamwambia, "ghafla kwa Kiarabu ni nini?"

Kakangu akainamisha macho. Alijua. Sisi tukisema ghafla tunakusudia jambo la kushtukiza, lakini huko neno lilikotoka ni moyo ulioacha kuangalia. Ndiko kughafilika kulikozaliwa.

"N'mekuuliza."

"Ni kutoangalia, mama."

"Basi umesema kweli. Nyumba haianguki yenyewe. Yaangushwa ni ghafla."

Mimi nilikuwa nangoja neno jingine. Nilitaka aseme ni kusudi, mbele ya watu. Hakulisema. Alituamrisha tu: "Kitanda changu kifukueni, mkitie chumba cha mbele. Yeye atalala hapa, tini ya boriti zilobaki."

Kakangu akahamia humo usiku huo. Asubuhi yake, chai haijapoa, nikasikia ngazi ikiegemezwa ukutani. Akapanda mwenyewe, akauzibua mlizamu, akashusha majani na matope, kisha akaingia ndani akakagua boriti moja moja kwa kuzigonga, zilizolegea akazitilia nguzo. Adhuhuri ilipoadhiniwa alikuwa amemaliza. Kazi iliyompitia misimu miwili ya mvua ilikuwa ya asubuhi moja.

Nilisimama uani nikimtazama. Niliomba akosee kidogo, aache msumari, asahau hata nyundo juu ya paa, nipate kuamini kwamba kakangu ni mzembe tu. Hakusahau kitu.