Mashimo ya Agneta

Watu wa Kaloleni wakiisifu ile miti ya kando ya mtaro, humtaja Agneta Nabututu kana kwamba alizaliwa na jembe mkononi. Kumbe mwaka wa themanini na sita nusura aipoteze miti yote kwa woga. Mimi simlaumu. Ungekuwa wewe, ungeogopa pia.

Uwanja ule ulikuwa jaa. Taka ziliziba mtaro, na mvua ikinyesha maji machafu yaliingia mpaka chini ya vitanda. Akina mama wa mtaa, Agneta na jirani yake Rosa Aoko wakiwa mbele, walizoa uchafu, wakaozesha masazo ya sokoni kuwa mbolea, wakaotesha miche ndani ya pakiti za maziwa. Ndipo tajiri mmoja wa mjini, ambaye jaa lilipokuwa jaa hakulitupia hata jicho, akaanza kuutaka uwanja ajenge ghala. Naibu wa chifu akatoa neno: atakuja Jumamosi adhuhuri. Akiukuta umepandwa wote, ni wa akina mama. Akikuta pengo, kila mtu arudi jikoni kwake.

Kila mama alikuwa na mstari wake. Kufikia Ijumaa mistari yote ilikuwa imepandwa isipokuwa wa Agneta, na wake ndio uliokuwa pale pale njia inapoingilia. Mashimo yamechimbwa, mbolea imetiwa, miche imepangwa ukingoni, mti hakuna. Kwao Bungoma mwanamke hakupanda mti. Angechimba, angemwagilia, angekata kuni, lakini akiushindilia mti ardhini kwa mkono wake, amemchimbia mumewe kaburi. Mama mkwe wake, mjane Nakhungu, aliyekuwa amekuja kuwatembelea, alimkumbusha hayo kila jioni.

"Lete nikupandie," Rosa alimwambia.

"Mama atasema ni ujanja, na mwiko haudanganyiki. Wakoli anakuja kesho asubuhi. Atapanda mwenyewe."

Wakoli, mumewe, aliendesha trekta la miwa kule Muhoroni. Jumamosi ikafika na mvua, asubuhi ikapita, Wakoli hakuonekana. Agneta alikaa roho juu kando ya mashimo yake, macho barabarani. Kilichokuja ni lori la tajiri, limejaa mawe.

Dereva akachungulia. "Hapa kuna pengo. Nimeambiwa penye pengo nimwage."

Akina mama wengine walikuwa wameenda bombani. Rosa peke yake alisimama mbele ya lori, ameshika kiuno, akimwaga maneno ya Kijaluo ambayo sitayatafsiri hapa. Lakini lori lilikuwa likisogea, na Rosa akirudi nyuma hatua kwa hatua. Agneta alimtazama, akatazama barabara ya Muhoroni, tupu. Akapiga magoti. Akachana pakiti, akatia mche shimoni, akaushindilia kwa ngumi, akahamia shimo la pili. Alikuwa akilia na kumwomba Mungu asimchukue Wakoli, na mikono haikusimama. Lori liliposimama, gurudumu lilikuwa karibu naye kiasi cha kumrushia tope usoni.

Naibu wa chifu alikuta mstari umejaa. Akamwamuru dereva ageuze. Akina mama wakapiga vigelegele. Agneta hakusikia hata kimoja, kwa maana adhuhuri ilikuwa imepita na mumewe bado. Trekta hupinduka kwenye tope. Alijua wake za madereva waliokwisha kuletewa habari hiyo. Akaenda nyumbani, akamkuta Nakhungu amekaa akiuelekea mlango, amekwisha kusikia kwamba mstari umepandwa. Agneta akaketi kando yake. Walikaa hivyo mpaka jioni.

Jua likizama, Wakoli akaingia, tope mpaka magotini. Trekta lilikwama njiani. Agneta akamwekea chai.

"Nani alipanda ile miti?" Nakhungu akauliza.

Rosa alikuwa amekwisha kumdokeza Wakoli njiani. "Mimi, Mama. Nilipitia pale asubuhi, kabla trekta halijakwama."

Uongo huo ungemwokoa Agneta, na Wakoli alimtazama ili aupokee. Hakuupokea. "Si yeye, Mama. Ni mimi. Na mwanao huyo hapo, anakunywa chai."

Nakhungu akarudi Bungoma kesho yake bila kuaga. Usidhani Agneta alishinda siku ile. Kwa miaka, Wakoli akikohoa tu, aliamka na kuketi kitandani mpaka kikohozi kiishe.

Miti ilipofikia kimo cha paa, Nakhungu akaja tena, amezeeka, fimbo mkononi. Hakugusa yaliyopita. Aliomba miche.

"Wakoli ataileta mwisho wa mwezi, akupandie," Agneta akasema.

"Nitapanda mwenyewe." Mzee alikuwa akiitazama miti, hamtazami yeye. "Baba yake Wakoli alikufa. Na mimi sikuwahi kupanda hata mti mmoja."