Mwaka Shikamoo Ilipogeuzwa Haramu

Mafuta ya atari ya bei rahisi huanza kwa kunukia waridi, na jua likishayachoma hunuka sukari iliyoungua. Mpaka leo nikikutana na harufu hiyo sokoni hutema mate chini, na sioni haya kulisema. Nilikuwa darasa la tano ilipoingia nyumbani kwetu, Bagara. Manyara ilikuwa imetoka tu kuitwa mkoa, na Babati yetu, iliyozoea mnada wa ng'ombe na samaki wa ziwani, ikajikuta ni makao makuu. Kila upande palinuka tofali za kuchoma na mbao mbichi. Walikuja makarani, mafundi, wapima viwanja na wauza mabati, Wachaga, Wapare, Wanyaturu, kila mmoja na godoro lake limefungwa juu ya basi. Kwa hiyo aliposhuka mgeni mwingine, kijana wa makamo mwenye kanzu nyeupe isiyo na doa na ndevu zilizochanwa vizuri, hakuna aliyeshangaa wala aliyemuuliza katokea wapi. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tulivyolelewa. Huyu alikuja, mwenyeji akaugua.

Alijiita Ustadhi, nasi tukamwita hivyo hivyo. Baba, maana baba yangu hakujua kumwona mtu peke yake akanyamaza, akamkaribisha chakula siku ile ile alipomkuta msikitini. Sisi ni Warangi, babu alitoka Kondoa, na Waislamu wa mtaa wetu tulikuwa wachache katikati ya Wakatoliki na Walutheri walioshuka kutoka milima ya Mbulu. Baba alikuwa mchinjaji. Si mwenye bucha, la: mchinjaji. Nyumba yoyote ya Kikristo ikiwa na harusi, ubatizo, kipaimara au Krismasi, kabla hawajawasha moto walimtuma mtu kwetu kusema, "Baba Jumanne, twende ukatusaidie." Baba alichukua kisu chake, akakinoa taratibu kwenye jiwe lililokuwa mlangoni, akaenda. Ng'ombe alilazwa akaelekezwa kibla, baba akasoma Bismillahi, akachinja, na mtaa mzima ukala chungu kimoja. Alirudi na nyama ya shingo, ndiyo haki ya mchinjaji. Hakuna aliyeandika sheria hiyo popote. Ilikuwa ndiyo heshima yetu, na kisu kile kilikuwa kirithiwe na kaka yangu Jumanne, aliyekuwa amemaliza kidato cha nne na kukaa tu nyumbani akingoja bahati. Ustadhi aliila shingo ile kwetu, tena na tena, akilamba vidole mpaka kwenye kifundo. "Mashallah, Mama Jumanne, mkono wako una baraka," alikuwa akisema, huku macho yake yako kwa Jumanne.

Hivi sasa wataalamu hukaa redioni wakaeleza chanzo cha vikundi vile vinavyoua watu kwa jina la Mungu. Wanataja umaskini, wanataja ajira, wanataja vita vya nchi za mbali. Sibishani nao. Mimi nasema nilichokiona kwa macho yangu: kwetu kilianza kwenye salamu. Ustadhi alikodi stoo ya mahindi kule Nangara, akaipiga deki, akatandika mikeka, akaanza kuwafundisha vijana baada ya alasiri. Wazee walifurahi. Nani asingefurahi? Vijana waliokuwa wakishinda kwenye pool wakaonekana wametawadha. Jioni moja Jumanne akaingia uani, suruali kaikunja juu ya kifundo cha mguu, akasema, "Asalaam alaikum." Mama akajibu, akaacha kuchambua maharage, akangoja. Kwetu salamu hiyo ni ya Mungu, halafu mzazi hupewa yake.

"Na shikamoo yangu iko wapi?" mama akauliza.

"Mama, hiyo haramu. Maana yake nashika miguu yako. Miguu ya kiumbe haishikwi, huko ni kusujudia."

Mama akaitazama miguu yake, yenye vumbi la shambani na magaga. "Hii? Nani kakuambia uishike? Nimekuomba heshima, mwanangu, sikukuomba unioshe miguu." Baba akacheka mpaka akakohoa. Akasema mwache, ni ujana, yatapita kama chunusi. Wazee wetu walisema mchelea mwana kulia hulia yeye, na baba aliijua methali hiyo kuliko mtu yeyote, lakini alimpenda sana Jumanne, na kupenda kuna upofu wake.

Sasa sikiliza upuuzi ulivyoendelea. Ustadhi aliwakataza shikamoo, halafu akawakataza pia kumtolea salamu ya Kiislamu asiyekuwa Mwislamu. Basi kijana akikutana na mama mtu mzima wa Kikristo amwambie nini? Hakuna kilichobaki. Wakawa wanapita kimya, macho chini. Anayeijua Babati anaelewa ninachosema: mtoto kumpita mtu mzima bila kumwamkia ni jambo ambalo hata walevi wetu hawakulifanya. Mama Paskali, jirani yetu Mwiraqw aliyembeba Jumanne mgongoni mama alipokuwa mgonjwa wa uzazi wangu, alipitwa hivyo kisimani. Hakukasirika, haikumjia hata akilini kukasirika. Alidhani mtoto anaumwa. Akaja kwetu na kibuyu cha maziwa ya mgando amekifunika kwa majani, akasema kwa Kiswahili chake kizito cha milimani, "Mama Jumanne, huyu kijana ana nini? Leo amenipita hasemi kitu. Kama ni malaria, mpe haya kwanza, halafu mpeleke hospitali." Mama akakipokea. Jumanne alikuwa ndani anasikia kila kitu, na hakutoka. Maziwa tuliyanywa sisi wengine.

Baada ya salamu, mengine yalikuja yenyewe. Redio ya baba ikawa ya shetani. Picha ya babu ukutani ikageuzwa uso. Msikiti wetu wa zamani, uliojengwa kwa matofali ya jasho la babu zetu, ukaitwa msikiti wa wapotofu, na shekhe wake mzee akaitwa mzushi na watoto aliowafundisha yeye mwenyewe alifu na bee. Kule Nangara walianza kuonyeshana mikanda ya video. Jumanne aliwahi kunisimulia, macho yanamng'aa, jinsi vijana wenzake wa nchi za mbali walivyolipua gari la askari, na hapo hapo akaniuliza kama ugali umebaki. Nilikuwa mdogo, lakini sijasahau, yule kaka yangu aliyekuwa akinitengenezea gari la mabua anazungumzia nyama za watu huku anatafuta mboga kwenye sufuria. Lo! Na yule mwalimu wake kajipaka atari, kakaa kivulini, hajawahi kushika jembe wala bunduki.

Kiangazi kikakolea, mavuno yakaingia, harusi zikaanza. Baba Paskali, mume wa yule jirani yetu, alikuwa anaoza binti yake mkubwa, na akaja mwenyewe kumwita baba, hakutuma mtu. Baba akasema safari hii Jumanne ndiye atashika kisu, yeye atasimama pembeni. Naamini alidhani kisu kitamrudisha mtoto. Akamnunulia kofia mpya. Tukaenda wote, mimi na mama tumebeba ungo wa mchele wa kuchangia. Dume jekundu lilikuwa limekwisha lazwa na kufungwa, wanaume wameshika kamba, wanawake wanapiga vigelegele. Baba akampa Jumanne kisu, kwa mikono miwili.

Jumanne hakukipokea. Akasema kwa sauti ya juu, ile sauti ya Ustadhi kabisa, "Sherehe ya makafiri sichinji. Na wewe baba ukichinja, hiyo ni mzoga, na mwenye kula ni mwenzao."

Vigelegele vikakatika. Nilimwona Mama Paskali akishusha mkono kutoka mdomoni polepole. Nilimwona bibi harusi mlangoni, shela nusu limevaliwa. Baba Paskali, mzee mrefu mwenye shuka, hakupandisha sauti. "Jumanne," akasema, "sisi kuchinja tunajua. Hapa kila mwanaume anajua. Tunamwita baba yako ili na ninyi mle. Tusingependa sisi tule huku ninyi mmekaa tu." Jumanne akageuka akaenda zake. Baba akabaki na kisu mikononi. Akainama, akasoma Bismillahi yake, akachinja. Walipomkatia shingo alikataa, akasema tumbo linamsumbua. Tulirudi nyumbani mikono mitupu.

Haukupita muda Ustadhi akaja kuaga. Alikaa kwenye kiti cha baba. Alieleza kwamba amempatia Jumanne na vijana wengine nafasi ya kusoma dini nje ya nchi, bure kabisa, chakula na malazi juu ya wafadhili. Mama akauliza nchi gani. Akasema huko kaskazini. Mama akauliza shule gani. Akatabasamu, akasema mama wa Kiislamu haulizi sana, humwachia Mungu. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi: mama yangu, mwanamke asiyewahi kumwinulia mgeni sauti, alimshika Jumanne kanzu pale pale mlangoni akamwambia, "Baki. Usiniamkie, usile nyama, nigeuzie uso, lakini baki hapa nikuone." Jumanne alilia. Hilo nataka lijulikane, kaka yangu alilia. Ustadhi akamgusa bega, akasema basi linaondoka, na vidole vya mama vikafunguliwa kimoja kimoja.

Alipiga simu mara moja tu, kwa namba ndefu ya nje, kwenye simu ya jirani. Alisema, "Mama, niombee." Mama akauliza uko wapi, ikakatika. Baadaye mmoja wa wale vijana alikamatwa mpakani akarudishwa, akatuambia kwamba Jumanne alivuka, kwamba shule hakuna, kwamba ni Somalia, msituni, na kwamba Ustadhi hakuvuka na mtu. Aliwafikisha akarudi. Toka hapo mama akawa mtu wa redio. Ikitangazwa bomu limelipuka sokoni mahali fulani, aliacha kila kitu akasimama. Hakujua aombe nini. Aombe mwanawe asiwe kati ya waliokufa, au aombe asiwe yeye aliyewaua? Niambieni, ni dua gani hiyo ya kumpa mzazi? Halafu watu hao wanaliita jambo hilo dini. Ptuu!

Babati ya leo ina lami na bajaji, na watoto wangu husema "mambo" na "poa" wakiwa na wenzao, wakija kwangu wananipa shikamoo yangu bila kulazimishwa. Kisu cha baba kipo kwa binamu yangu, na bado huitwa kuchinja, Bagara, Nangara, kila penye harusi. Mtaa ulipona. Watu wakiona hivyo huniambia yameisha, Zuhura, hebu sahau. Mtaa unaweza kupona na nyumba moja ikabaki na kidonda. Baba amefariki majuzi, na siku ya hitima nikakiona kidonda hicho kikitiwa kidole.

Watu walikuwa wamejaa uani chini ya turubai, Baba Paskali ndiye aliyetoa ng'ombe. Mama yuko ndani, amekaa eda, dirisha lake linatazama barazani. Mara nikamwona mtu mnene, kanyoa ndevu, suruali ndefu ya kitambaa, funguo za gari mkononi, anavua viatu vyake vizuri pembeni ya mkeka. Sikumtambua mpaka alipoongea: ni Ustadhi. Ana duka la saruji siku hizi, huko Arusha, na kijana wake yuko chuo kikuu anasomea uhasibu. Hayo aliyasimulia mwenyewe kwa waliokaa karibu naye, hakuulizwa. Akapewa sahani ya pilau, akasogea chini ya dirisha, akasema kwa sauti nyororo, "Shikamoo, mama. Pole sana kwa msiba."

 Mimi nilikuwa nimesimama na jagi la maji. Mama akaongea kutoka ndani, bila ukali wowote, kama mtu anayeulizia njia. "Ustadhi, umekuja wakati mzuri. Shekhe anataka kugawa mirathi. Ananiuliza Jumanne ahesabiwe na walio hai au na waliokufa, na mimi sijui. Wewe ndiye uliyemfikisha. Nimsubiri, au nimlilie? Nijibu hilo tu, mwanangu, sitakuuliza lingine."

Watu wote barazani waliacha kula. Baba Paskali aliinua kichwa. Yule mtu akaitazama sahani yake, akasema chini chini kwamba hayo ni mambo ya zamani, mama, tulikuwa vijana. Akachagua kipande cha nyama, akakitia mdomoni, akaanza kutafuna.