Mwenzangu alinishukuru kwa uongo nilioutumia kumtoa jukwaani

Admin, nifichie jina, chuo chetu ni kidogo na watu wanajuana. Mimi ni msichana wa miaka ishirini na tatu, nimezaliwa Suna kule Migori. Baba ni mtu wa pwani aliyekuja kufungua duka la vitambaa, kwa hivyo nyumbani tumekua tukiongea Kiswahili. Nasomea uigizaji katika chuo kimoja cha sanaa Homa Bay na nimebakiza muhula mmoja. Mkitaka kunitukana mnitukane, lakini mnisome mpaka mwisho.

Mwaka jana mwelekezi wetu, sisi humwita Mwalimu tu, alileta mchezo kuhusu mjane anayenyang'anywa shamba na mashemeji zake. Kila msichana aliitaka nafasi ya huyo mjane. Tukabaki wawili, mimi na mwenzangu wa kutoka Sindo. Nitamwita Akoth, ingawa si jina lake.

Akoth akianza kulia kwa mazoezi, unasahau ni mchezo. Siku moja mama anayetupikia alitoka jikoni mbio na mwiko mkononi akiuliza nani amefiwa. Shida yake ilikuwa moja tu. Amekulia Kijaluo, na ulimi wake haukupatana na "sh". Shamba kwake ni samba, shida ni sida.

Mwalimu akaniita kando. "Sauti ya huyu ni zawadi ya Mungu. Wewe Kiswahili ni chako, hebu mnyooshe ulimi kabla ya Ijumaa. Najua mnashindania nafasi moja, lakini nakuamini."

Nilimfundisha kwa moyo safi siku mbili. Siku ya tatu akasema "shamba la mume wangu" vizuri kabisa, akaruka akanikumbatia. "Osiepna! Rafiki yangu, umesikia hiyo?" Nilisikia. Na nilijua sasa nafasi ni yake.

Kesho yake nikamwambia, "Akoth, nakwambia hivi kwa sababu nakupenda. Ukilia, maneno yote yanaharibika. Watu wanakucheka ukitoka. Hata Mwalimu amesema hawezi kupeleka aibu mbele ya watu."

Hakuna aliyekuwa akimcheka. Mwalimu hakusema hivyo hata siku moja. Yote niliyatunga mimi.

Akauliza polepole, "Sasa nifanye nini?" Nikamwambia asilie tena, na kila neno alipime kichwani kabla ya kulitoa. Nilijua ninachofanya. Mwigizaji anayepima kila neno amekufa tayari.

Ijumaa alisimama mbele ya darasa zima akiwa amekauka kama mti. Akaanza, "Hili samba..." Akasimama. Akasema, "Shamba." Akarudi mwanzo. Mara ya tatu akateleza tena, na mtu akacheka, halafu wengine wakafuata. Aliyecheka wa kwanza ni mimi.

Akamwangalia Mwalimu, akasema, "Nisamehe," akatoka. Wiki iliyofuata alifunga begi akarudi kwao. Nafasi nikapewa mimi. Tulipopeleka mchezo Migori watu walisimama kunipigia makofi, na baba yangu, mtu ambaye hasifu mtu, alilia machozi. Mimi nikalala vizuri tu. Hiyo ndiyo sehemu inayonitisha nikikumbuka.

Mwezi huu Mwalimu ameandika mchezo mpya, wa mama anayeongea Kijaluo na watoto wake na Kiswahili na maafisa wa serikali. Akaniambia, "Hii niliandika nikisikia sauti ya Akoth. Wewe ndiye rafiki yake. Nenda umlete."

Jumamosi iliyopita nikaenda Sindo. Nilimkuta karibu na ziwa na mamake, wakigeuza omena, dagaa wa ziwani, juu ya neti. Alikimbia kunilaki, akaniongelesha Kijaluo, na mimi Kijaluo changu ni cha kuombea maji. Muda si mrefu akaja mama mmoja mnunuzi kutoka Kisii, akauliza bei kwa Kiswahili. Akoth aliinamisha kichwa, akamwita mamake aje ajibu. Swali la bei tu, jamani. Mamake akaniambia tangu arudi hajafungua mdomo kwa Kiswahili mbele ya mgeni. Hata kanisani alikataa kusoma somo.

Mamake Akoth alinipikia samaki mzima. Akanishika mikono yote miwili. "Wewe ndiye ulikuwa unafundisha mtoto yangu? Ero kamano, nyathina. Asante, mtoto yangu."

Nilipompa Akoth ujumbe wa Mwalimu, aliniambia kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini, "Nitarudi. Lakini ni wewe utanifunza tena. Hao wengine wote walinificha. Ni wewe peke yako uliniambia ukweli."

Nilifungua mdomo nimwambie. Naapa nilifungua. Kilichotoka ni "Sawa."

Anafika Jumatatu. Nimemweleza tunayelala naye chumba kimoja, akasema ninyamaze, yameisha, nimfundishe vizuri safari hii na Mungu ataona. Lakini nikinyamaza, nitakaa naye kila jioni nikipokea shukrani ya kitu nilichomwibia. Nikisema, anaweza kugeuza njia arudi kwenye omena asiamini mtu tena, na nafasi iliyoandikwa kwa sauti yake aikose mara ya pili kwa sababu yangu. Mwalimu naye akijua, sidhani nitamaliza huo muhula, na baba atataka kujua sababu.

Ndugu zangu, sitaki mniambie kila mtu hukosea. Nataka aliyewahi kudanganywa hivi aniambie: ungependa kujua ukiwa bado umeumia, au ukishasimama? Nimwambie Jumatatu akifika, au nimfundishe kwanza apande jukwaani, ndipo nimwambie? Nielekezeni, siku zinaisha.