Kontena la Akello

Kaluki hakulia siku alipoteleza bafuni na kuvunjika mkono wa kulia. Alilia siku ya nne, mbele ya samaki.

Samaki huyo aliletwa kwa pikipiki hadi langoni pake, Mugutha, akiwa ndani ya kontena la plastiki lenye kifuniko, pamoja na ugali na sukuma wiki. Mulei, mwanawe wa pekee, aliyeajiriwa Nakuru, ndiye aliyemwagizia kwa simu kutoka jiko moja kubwa la Ruiru, na alikuwa ameahidi kumwagizia kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. "Wewe kula tu, mwaitu," alimwambia, maana ndivyo Wakamba wanavyomwita mama. "Hadi plasta itolewe, sitaki kusikia umegusa sufuria." Kaluki akaketi dirishani, akala kwa mkono wa kushoto, polepole. Samaki alikuwa mtamu. Hapo ndipo machozi yalipomtoka, kwa sababu alikuwa na miaka hamsini na tisa na hakuwahi kula cha mtu asimpe kitu.

Msimcheke. Kwenye ploti zote alizowahi kupanga kule Thika, miaka ishirini na sita aliyofanya kazi kiwandani, jirani akikuletea githeri kwenye bakuli, hulirudishi tupu. Unatia ndimu mbili, au yai, au unga wa kutosha uji. Ukiwa huna kitu kabisa, unatia chumvi. Kaluki hakuwahi kufikia chumvi. Mabakuli ya watu yalitoka kwake yakiwa yamejaa kuliko yalivyoingia, mpaka majirani wengine wakaogopa kumpelekea chakula, wakiona ni kama kuanzisha mashindano. Mengi alisemwa, lakini mkono wa birika hakuitwa hata siku moja.

Jioni hiyo alimpigia Mulei.

"Yule wa pikipiki unampa ngapi?"

"Nimpe ya nini? Delivery nimelipa."

"Na aliyepika?"

"Mwaitu, huyo ameandikwa kazi. Analipwa." Kisha Mulei, ambaye hawezi kumficha mamake kitu, akaungama kwamba kila akimaliza kulipa simu humwuliza bakshishi: ishirini, hamsini, mia, au hakuna. "Mimi nafinya hakuna. Hata sijui hizo pesa zinaenda kwa nani."

"Finya hamsini."

"Mara tatu kwa wiki? Hiyo si tip tena, hiyo ni rent."

"Hata mimi nilikuwa nimeandikwa," alisema Kaluki, lakini Mulei alikuwa tayari ameanza kuzungumzia dawa.

Alikuwa ameandikwa kufuma blanketi. Miaka ishirini na sita aliziona zikipita mbele yake, nyekundu, kijani, za kijivu za shule, na kila moja iliondoka kwenda kwenye kitanda asichokijua. Mashine ikinguruma alikuwa na mchezo wake wa kichwani: aliweka kiganja juu ya blanketi, akaichagulia mwenyewe. Hii ya bibi arusi wa Kitale. Hii ya mzee mwenye kikohozi. Hii itafunika watoto watatu, na wa katikati ndiye atakayeivuta. Hakuna aliyewahi kurudi kiwandani kumwambia kwamba alilala vizuri, na Kaluki hakutarajia. Lakini angefurahi, hata mmoja tu.

Kwa hiyo Jumatano asubuhi aliigusa sufuria. Alichemsha mbaazi alizoletewa na dadake wa Ngoliba, akazitia kitunguu na ndimu kidogo, akaosha lile kontena la samaki akilibana kwa kiwiko dhidi ya tumbo, akalijaza mpaka kifuniko kikakataa kufunga. Pikipiki ilipofika alikuwa amesimama langoni.

Mwendeshaji alikuwa Austine Ouma, mwanamume mrefu wa miaka thelathini na kitu ambaye jiko la Ruiru lilikuwa limempa njia yote ya Mugutha. Nyuma yake oda tatu za watu wengine zilikuwa zinapoa.

"Habari mum. Chakula ndiyo hii."

"Na hii umpelekee aliyepika."

Austine alilitazama kontena. "Mum, hizi ni za kutupa."

"Kutupa wapi?"

Austine akalipokea, akalipachika kwenye sanduku.

"Aliyepika anaitwa nani?"

"Nani?"

"Aliyepika."

Simu yake ilikuwa inalia mfukoni. Akashika jina la kwanza lililomjia mdomoni. "Akello," alisema, akatia gia na kuondoka.

Ndivyo Akello alivyoingia nyumbani kwa Kaluki. Ijumaa Austine alileta salamu pamoja na kuku. "Amesema asante sana. Amesema hajala mbaazi tamu hivyo tangu atoke kwao Ndhiwa. Ameuliza unaweka nini ndani."

"Ndimu," alisema Kaluki, uso ukimwaka. "Mwambie atie zikikaribia kuiva, si mapema."

Jumatatu iliyofuata Akello aliripoti kwamba alitia mapema na zikakataa kulainika. Jumatano alifaulu. Makontena yakawa yanaenda na karanga, yanaenda na ndimu, yanaenda na majani ya mchaichai siku za mvua, na kila mara neno lilirudi. Akello alikuwa na mgongo mbaya. Akello aliota amekula maembe. Akello alitaka kujua kama mkono unawasha ndani ya plasta, maana nduguye aliwahi kufungwa plasta na alikuwa akijikuna kwa spoku ya baiskeli.

Dawa za maumivu zilimfanya Kaluki awe mwepesi kichwani. Alikula saa nane, jua likiwa limejaa kwenye pazia la njano na chumba kizima kimekuwa rangi ya chai ya maziwa, na mvuke wa chakula ulipompanda usoni aliona jiko la Ruiru lilivyo. Lilikuwa na dirisha kubwa. Akello alikuwa mwembamba, mwenye mwanya, amejifunga leso ya maua, na alikuwa akiimba kwa sauti ya chini akigeuza samaki. Siku nyingine Akello alizima moto akaja akaketi pale pale kwenye kochi, wakazungumza mambo ya ngozi ya mikono na ya wanaume waliokufa mapema, kisha Kaluki akashtuka, kijiko kingali mkononi, jua limehamia ukutani. Hakuona aibu. Tangu mumewe afariki hakuwa amezungumza hivyo na mtu, na kama mtu mwenyewe alikuwa Ruiru anachekecha unga, basi na iwe hivyo.

Wiki ya nane alikwenda Thika kutolewa plasta. Daktari aliugeuzageuza mkono, ukiwa umekonda na kupauka, akasema mfupa umeshika lakini kifundo hakitarudi kama zamani. "Kusonga ugali, hapana. Ndoo, hapana. Upate mtu wa kukusaidia, mama."

Kaluki aliogopa. Si maumivu aliyoyaogopa, ni hilo neno kusaidiwa. Alijiona mbele ya miaka yote iliyobaki akiwa mtu wa kuletewa, wa kukaa dirishani na kufungua mdomo. Aliporudi nyumbani alitoa noti ya mia tano kwenye mkebe wa majani ya chai, akaikunja mara mbili, akaitia kwenye pochi yake ya zipu. Angekwenda Ruiru mwenyewe ampe Akello mkono kwa mkono, mia tano nzima, na Mulei akisikia na azirai akitaka. Angalau kwa mtu mmoja angebaki mwenye kutoa.

"Kesho nakuja huko kwenu," alimwambia Austine Jumatatu. "Nataka kumwona Akello."

Austine alivua kofia yake ya pikipiki. Hakuwahi kuivua hapo langoni, na Kaluki aliona kwa mara ya kwanza kwamba alikuwa na upara.

"Usiende, mum."

"Amefutwa?"

"Hakuna Akello huko." Aliyatoa yote bila kupumua. Ile siku ya kwanza alilipeleka kontena dirishani na msimamizi akamwambia hawapokei vyombo kutoka nje, atupe. "Nikashindwa, mum. Zilikuwa bado moto. Nikapeleka kwangu, Witeithie. Akello ni bibi yangu. Anadhani ni tip ulinipa mimi."

"Na hii samaki inapikwa na nani?"

"Wako kumi na wawili. Na wanabadilishwa kila mara."

"Na yale maneno?"

"Ni yake. Hayo sijaongeza hata moja, mum. Akisema ndiyo naleta."

Kaluki alimfungia lango usoni. Alikiweka chakula mezani na hakukigusa mpaka kikaganda mafuta. Alikuwa na hasira ya kutosha watu watatu: amedanganywa kama mtoto, ameketi kwenye kochi wiki nane akicheka na pazia, na zaidi ya milo ishirini imepita kooni mwake bila aliyeipika kupata hata ndimu moja. Watu kumi na wawili. Alijaribu kuwaona wote, akashindwa. Jioni akalia tena, akiulilia ule mwanya.

Jumatano pikipiki ilikuja bila sanduku la chakula nyuma.

"Akello amenigombeza siku mbili," alisema Austine, akisimama mbali kidogo na lango. "Amesema nimfikishie huyo mum, ama nisirudi nyumbani."

Kaluki alitaka kukataa. Lakini alikuwa tayari amejifunga kitambaa cha kwenda nje tangu asubuhi, bila kujiambia ni kwa nini. Akachukua pochi, akapanda kiti cha nyuma.

Nyumba ilikuwa chumba kimoja orofa ya pili, nyuma ya maduka ya Witeithie, mahali ambapo sauti ya wachomeleaji haikatiki. Akello aliyefungua mlango alikuwa mfupi, mnene, mjamzito wa miezi mingi, na meno yake yalikuwa yamebanana vizuri kabisa. Sauti yake ilikwaruza. Binti wa miaka mitatu, Cindy, alikuwa amejificha nyuma ya magoti yake. Kaluki alisimama pale mlangoni akimtafuta yule mwingine katika uso huu, na hakumpata.

"Karibu, mum. Mkono uliwacha kuwasha?"

Hapo Kaluki akaingia, akaketi.

Makontena yalikuwa juu ya kabati, yote, yameoshwa na kupangwa moja ndani ya jingine hadi karibu na dari. Akello alimwona akiyatazama.

"Sikutupa hata moja. Nilikuwa nataka kukurudishia." Alimshika Cindy kichwa. "Lakini ningerudisha na nini, mum? Baba Cindy kazi yake ni ya juzi, na mimi saluni niliacha juu ya mgongo. Kuna siku nilikuwa nasikia pikipiki yake chini, naomba aje bila. Nilimwambia, Baba Cindy, huyo mama atatuona sisi ni watu wa aina gani? Watu wa kula tu."

Austine akatazama viatu vyake. Aibu ambayo Kaluki alikuwa ameibeba wiki nane kifuani ilikuwa imeketi hapa Witeithie pia, kwenye chumba hiki, na aliyeileta ni yeye, ikiwa imejaa mpaka kifuniko kinakataa.

Chakula kikapakuliwa. Kilikuwa ugali na mboga za kienyeji zilizolala kwenye maziwa usiku mzima, mboga chungu kidogo, laini, zenye harufu ya mbali. Akello hakula. Aliketi kwenye ukingo wa kitanda akimwangalia Kaluki akimega kwa kushoto, mikono yake mwenyewe ameikumbatia juu ya tumbo, na kila tonge lililoingia alilifuata kwa macho. Kaluki alimaliza. Zilikuwa mboga tamu kuliko kitu chochote kilichotoka Ruiru, na kwa mazoea ya maisha yake yote mkono ukaenda wenyewe kwenye pochi, ukafungua zipu, vidole vikaigusa noti.

Akainua macho. Akello alikuwa ameuona ule mkono. Uso wake ulianguka, na akaanza kuinuka polepole ili akusanye vyombo.

Kaluki aliiacha noti pale ilipokuwa. Akafunga zipu mpaka mwisho, akaisukuma pochi nyuma ya mgongo wake, akainua sahani tupu kwa mkono ule mbovu.

"Umeniwekea kidogo, Akello," alisema. "Niongeze."

Akello aligeuka haraka hadi akagonga stuli, Cindy akacheka, na badala ya mwiko akaja na sufuria nzima.